Bauleni Nankhoma, Mpagazi Aliyetuahidi Kesho

Ndugu wa ukoo, wakwe, majirani na washirika mliopanda hadi makaburi haya ya Nakhavo leo, Alhamisi tarehe 11 Julai 2024: haya ni maisha ya mzee wetu Bauleni Nankhoma, kama tulivyoyaona kwa macho yetu na kama yeye mwenyewe alivyoagiza yasomwe. Anayesoma ni Ndaziona, binti yake wa pili, aliyemuuguza.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Nakhavo, chini ya Mlima Mulanje, Jumamosi tarehe 14 Juni 1947, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Sakonda Nankhoma na Neliya Mutewa. Ilikuwa wiki ya chiperoni, ule ukungu wenye manyunyu unaoshuka mlimani na kukaa siku tatu au nne bila jua kuonekana wala kuni kushika moto. Bibi Afaida, aliyemzalisha mama yake, alitoka nje akawaambia waliokuwa wakisubiri, "Ni wa kiume, ila hakulia. Amepiga chafya tu." Mama yake alitaka kujua kama hilo ni baya. "Baya gani? Mtoto amekataa kuanza na malalamiko." Maneno hayo yalirudiwa katika familia yetu miaka sabini, na kila mara watu walicheka. Marehemu naye alicheka, mpaka alipofika uzeeni ndipo aliposikika akisema, "Ningelilia siku ile labda ningekuwa nimepunguza malalamiko ya leo."

Aliingia shule ya misheni mwezi Januari 1955. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Aliokuwa nao darasani, wale wachache waliobaki, wanakumbuka zaidi siku upepo ulipoezua paa la shule mwaka 1957. Mwalimu wao alisimama katikati ya madawati, mikono kichwani, wasichana wanalia, na Bauleni wa miaka tisa akainua mkono akiomba kusema. "Mwalimu, leo tutauona ubao vizuri." Mwalimu aliyekuwa karibu kulia alijikuta anacheka. Mwisho wa mwaka 1959, akiwa amemaliza darasa la nne, gogo lilimvunja baba yake mguu huko juu kwenye mashimo ya kupasulia mbao, na shule ikaishia hapo. Alichuma chai pamoja na mama yake miaka minne na ushee.

Mwezi Mei 1964, akiwa hajatimiza miaka kumi na saba, alipanda mlima kuanza kazi iliyomlea, iliyotulea na sisi, na ambayo ndiyo iliyomuua, ingawa ilichukua miaka sitini kufanya hivyo. Wapasuaji walikuwa wakipasua mierezi huko Chambe, juu kwenye bonde la mlima, na mbao zilishushwa hadi Likhubula, huko chini, kwa vichwa vya watu. Ngata ya majani kichwani, ubao wa futi kumi na mbili juu ya ngata, na njia ya mawe inayoteleza kama samaki. Mwenye nguvu za kawaida alishusha mara moja kwa siku. Marehemu alishusha mara mbili. Wengine wetu tulijua kwamba amekaribia nyumbani kabla hatujamwona, kwa ile harufu tamu ya mwerezi iliyomtangulia.

Mwaka 1966 aliletwa mpagazi mpya, Dyson Mulaka, kijana wa kutoka upande wa Phalombe. Siku yake ya kwanza, katikati ya njia, Dyson alitua ubao wake, akakaa juu ya jiwe, machozi yanamtoka.

"Bado mbali, kaka?" alimuuliza marehemu.

"Kona mbili."

Wakapita kona mbili, zikaja nyingine kumi. Dyson akasimama.

"Si ulisema kona mbili?"

"Ndiyo. Hizo ulizopita si zetu tena. Zetu ni mbili zijazo."

"Mwongo mkubwa wewe! Mama yako alikupata kwa uongo!"

Dyson alicheka hadi ubao ukamponyoka ukateleza vichakani, na wote wawili wakashuka kuutafuta. Tangu siku hiyo mlima mzima ulimwita marehemu Kona Mbili, na yeye na Dyson wakawa ndugu. Wapagazi wa wakati ule walisema kwamba ukitembea nyuma ya Kona Mbili mzigo haupungui uzito, ila unausahau kidogo.

Alimwoa Enelesi Malunga tarehe 28 Agosti 1971, akahamia Muhasuwa, kijiji cha mkewe, kama desturi yetu inavyotaka. Mjomba wa bibi harusi, mtu aliyeogopwa, alimkalisha kwenye mkeka akamhoji mbele ya watu.

"Una shamba?"

"Sina, mjomba."

"Una mbuzi?"

"Sina."

"Umesoma?"

"Kidogo."

"Sasa umekuja na nini hapa?"

"Nimekuja na shingo."

Mjomba alimtazama ile shingo, nene kama kinu, akatikisa kichwa, kisha akacheka. "Mpeni maji ya kunawa," alisema. Nyumba ya Enelesi ilijengwa na shingo hiyo, nasi watoto saba tulisomeshwa na shingo hiyo. Watatu kati yetu wametangulia.

Mwezi Oktoba 1989, akivuka kijito kilichojaa kwa mvua ya ghafla, marehemu aliteleza. Ubao ulizunguka ukampiga nyuma ya shingo. Alilazwa siku kumi na tisa. Daktari alimkataza kubeba tena kitu chochote kichwani. Mwezi Januari 1990, shule zilipofunguliwa, alifunga ngata akapanda mlima. Mama yetu alisimama mlangoni akamwambia, "Baba Falesi, umeambiwa nini hospitalini?" Akajibu, "Nimeambiwa nipumzike. Nitapumzika kesho." Alibeba mbao hadi mwaka 1996, mierezi ilipokuwa imebaki michache, kisha akabeba mgongoni mizigo ya wapanda mlima hadi mwaka 2007. Alikuwa na miaka sitini.

Tangu mwaka 1984 alikuwa mzee wa kanisa, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwatembelea wagonjwa. Ni wachache hapa ambao hawakuwahi kumwona akiinamisha kichwa kuingia mlangoni mwao, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Alikaa, akauliza habari za mahindi, akatania, na alipoinuka alisema, "Kesho patakuwa afadhali." Basi. Na watu walimwamini, kwa kuwa aliyesema alikuwa mtu aliyebeba mlima kichwani akabaki anacheka.

Maumivu yalianza kwa vidole mwaka 2009. Vilikufa ganzi, kisha vikawaka kama vimeingizwa kwenye majivu ya moto. Mwaka 2013 hakuweza tena kushika jembe. Mama yetu alifariki tarehe 3 Mei 2015, na msibani marehemu ndiye aliyewatuliza waombolezaji, huku mwenyewe akishindwa kufunga vifungo vya shati lake. Kufikia mwaka 2017 shingo haikugeuka kabisa. Akitaka kumtazama mtu aligeuka mwili mzima, kama mlango. Miaka yote hiyo maumivu na matumaini yaliishi ndani yake kama wake wenza wasiosemeshana, kila mmoja na jiko lake. Wazee wenzake, wa magoti na wa viuno, walikongoja hadi barazani kwake asubuhi, wakampa habari za mifupa yao, naye akawagawia kesho. Walirudi makwao wamenyooka kidogo. Yeye akibaki peke yake alimwomba Ndaziona amshushe kwenye mkeka, na hapo ndipo alipouma kona ya shuka.

Siku iliyobadilisha mambo ni Jumatano tarehe 8 Septemba 2021. Ndaziona alimpakiza kwenye baiskeli ya abiria wakaenda kwa tabibu, msichana mpole aliyemshika mzee mkono muda wote akimweleza. Pingili za shingo zilikuwa zimesagika, alisema, na mifupa inaubana uti wa mgongo. Upasuaji wa namna hiyo haufanyiki karibu, na kwa umri wake hakuna ambaye angethubutu.

"Sasa itakuwa afadhali lini, mwanangu?" aliuliza marehemu.

"Agogo, babu yangu, haitapona. Tutajaribu ipungue."

"Itapungua?"

Tabibu alitazama kabati la dawa lililokuwa nyuma yake, kisha akamtazama Ndaziona. "Siku dawa zikiwepo," alisema.

Marehemu alimshukuru kwa adabu zote. Jioni, Ndaziona alipomaliza kumlisha ugali wake wa nsima na kujifunga kitenge aende nyumbani kwake, alimuaga baba yake kama siku zote: "Haya Bambo, tutaonana." Kwa miaka sita, tangu mama alipoondoka, jibu lilikuwa, "Kesho, mwanangu, kesho patakuwa afadhali." Siku ile alijibu, "Haya." Ndaziona alifika hadi kwenye mgomba wa jirani ndipo alipogundua kilichokosekana. Hakurudi kuuliza. Aliogopa kusikia jibu.

Miezi iliyofuata, Ndaziona alifanya jambo ambalo analisema leo mbele ya wote, kwa sababu marehemu alitaka kweli isemwe. Alimgombeza. Alimwona baba yake amekaa kimya ukutani, hataki utani, hataki wageni, na hasira ikampanda kana kwamba kuna kitu mzee alikuwa amewanyima kwa makusudi. Siku moja alimjia na habari aliyoisikia redioni.

"Bambo, wamesema wazee wenye matumaini hawaumwi sana kama waliokata tamaa."

"Nani kasema?"

"Wataalamu. Wamewauliza wazee wengi."

"Waliwauliza kabla hawajaanza kuumwa, au baada?"

"Sijui."

"Basi warudi wakaulize. Mtu anaumwa kidogo, anacheka, halafu mnasema kicheko ndicho kilichomponya." Alipumzika, maana kusema kulimchosha. "Mimi nilikuwa na matumaini ya kujaza gunia, Ndaziona. Uliyaona. Maumivu yameyala yote, na bado yana njaa."

"Usiseme hivyo, utajiletea makubwa."

"Makubwa gani zaidi ya haya? Nielekeze yalipo nikayapokee."

Ndaziona alitoka akaenda kufua. Alifua kwa kishindo ili amsikie.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 2022, usharika uliomba wazee wake wa zamani wapewe nafasi ya kuwasalimu washirika. Wapwa wanne walimbeba marehemu kwenye kiti hadi mbele ya kanisa. Watu walifurahi kumwona, akina mama wakapiga vigelegele. Yeye alingoja wanyamaze.

"Ndugu zangu," alisema, "nimewadanganya miaka mingi. Niliingia majumbani mwenu nikawaambia kesho patakuwa afadhali. Sikuwa najua. Nilisema kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siumwi sana. Sasa naumwa, na sioni kesho yoyote."

Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kona ngapi zimebaki, Bambo?" na kanisa zima likaangua kicheko. Walijipigapiga mapajani. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanampenda, na miaka hamsini walikuwa wamezoea kwamba akifungua mdomo kitatoka cha kuchekesha. Marehemu alijaribu kuendelea, sauti ikafunikwa. Akaugeuza mwili wake wote, polepole, kumtafuta binti yake. Akamwona kwenye benchi la tatu, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Naye alikuwa anacheka.

Mchungaji alimshukuru, akasema mzee wetu hata katika mateso hakosi utani. Wimbo ukaanza.

Nyumbani marehemu hakugusa chakula.

"Hata wewe?" aliuliza.

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni utani wako, Bambo."

"Wao nilijua watacheka. Lakini wewe unafua shuka zangu."

Hakulitaja tena jambo hilo, wala hakurudi kanisani. Ndaziona aliomba msamaha siku ile, akaomba tena kesho yake na wiki iliyofuata. Kila mara alijibiwa, "Yameisha." Hayakuwa yameisha, na wote wawili walijua.

Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, Dyson Mulaka. Dyson alikuwa na nyonga zilizosagika, akitembea kwa fimbo mbili, na kila Alhamisi alitoka kwake alfajiri ili afike Muhasuwa saa nne, mwendo ambao mtoto wa shule huumaliza kwa nusu saa. Aliketi, akavua kofia, na hakusema pole wala habari za uponyaji.

"Mwongo we, hujafa tu?"

"Nakufa polepole. Wewe mvivu utanichelewesha."

"Leo inauma kiasi gani?"

Marehemu alifikiri kwa makini, kama mtu anayepima kitu mkononi. "Ubao wa futi kumi na mbili. Uliolowa."

"Kushuka?"

"Kupanda."

"Aa," Dyson alisema, na akanyamaza, na unyamavu wake ulikuwa wa mtu anayeujua ubao ule. Baada ya hapo waliweza kukaa hadi saa saba bila neno, wakinywa togwa kwa zamu kutoka kikombe kimoja, Dyson akikiinua kwa ajili ya wote wawili. Siku za Alhamisi marehemu alilala mchana. Hatukuelewa kwa nini siku ya mgeni asiyeleta faraja yoyote ndiyo iliyompa usingizi.

Mwezi Machi 2023 kilikuja kile kimbunga ambacho hakuna haja ya kukisimulia hapa. Kila mmoja anajua alikuwa wapi na alipoteza nani. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 13 mlima uliachia mawe na tope juu ya kijiji cha Dyson. Alipatikana siku ya tatu. Muhasuwa tulisalimika. Ndaziona alipata habari akaamua kumficha baba yake, akijiambia atatafuta maneno mazuri. Ilipofika Alhamisi maneno hayajapatikana, na marehemu akaomba akalishwe mlangoni. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita.

"Njia zimeharibika," Ndaziona alisema.

"Dyson angepita."

"Bambo..."

"Sema tu."

Akasema. Marehemu alitazama njia ile ile kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyekuwa naomba kuondoka," alisema. "Yeye alikuwa bado na mipango ya mihogo."

Alhamisi iliyofuata, Ndaziona aliketi pale Dyson alipozoea kuketi. Alikuwa amejiandaa. "Bambo," alisema, "leo inauma kiasi gani?"

Marehemu aligeuka, mwili mzima, akamtazama kwa upole ambao haukuonekana usoni mwake tangu Pasaka ile. "Asante kwa kuuliza, mwanangu. Lakini wewe hujawahi kubeba."

Mwaka wake wa mwisho hatutaupamba. Miguu ilikufa mwezi Novemba 2023. Vidonda vya mgongoni vilikuja na havikufunga. Dawa zilipokuwepo zilimpa saa mbili tatu za kulala mchana. Zilipokosekana alikunjamana uso bila sauti, maana kupiga kelele kulitikisa shingo. Mara mbili aliwaomba akina mama wa kanisa waache kumwombea uponyaji na waombe kitu kingine. Walipomuuliza kitu gani, alisema, "Mnakijua." Wakafunga vitabu vyao vya nyimbo wakalia. Aliwapenda wajukuu wake, lakini alitaka wachezee mbali, kwa kuwa mguso wa kidole chao ulimchoma. Mdogo wao alidhani babu amemkasirikia. Hakuna aliyejua jinsi ya kumweleza mtoto huyo, na bado hatujui.

Mwezi Aprili mwaka huu, alasiri moja Ndaziona akimlisha uji kwa kijiko, marehemu alimzuia mkono.

"Siku ile ni wewe utakayesoma?"

"Siku gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Ndiyo, Bambo. Nitasoma mimi."

"Basi usiseme nilivumilia. Sikuvumilia, sikuwa na pa kwenda tu. Usiseme nilikuwa na tumaini hadi mwisho. Atakuwepo mzee mmoja pale makaburini anayeumwa, atasikia hivyo, atadhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Sema iliuma, na sema nilichoka."

"Na furaha je? Watu wanaikumbuka furaha yako."

Alifikiri. "Furaha ilikuwepo. Iseme mahali pake, kule mwanzoni. Usiilete huku."

Jana ndugu walikaa kuyapitia maneno haya kabla ya kuchapishwa. Mjomba wa upande wa mama, Bambo Malunga, mtu anayetutakia mema, aliomba yabadilishwe. "Yatawavunja watu moyo," alisema. "Andika alivumilia hadi mwisho. Ndivyo watu huandika. Yeye hatasikia." Mdogo wetu Tamandani naye aliunga mkono huku analia, alitaka baba yake wa zamani ndiye azikwe. Ndaziona alisema hivyo sivyo alivyoagizwa. Sauti zikapanda. Mwishowe aliulizwa Gilivati, mtoto wa dada wa marehemu, ambaye kwa desturi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mjomba wake. Gilivati hakupenda alichokisoma. Alishika karatasi muda mrefu. "Aliyebeba ni yeye," alisema. "Isomwe kama alivyoagiza."

Mwanzoni mwa mwezi huu, siku za chiperoni, kifua cha marehemu kilijaa kwa sababu ya kulala muda mrefu. Alifariki nyumbani Muhasuwa, Jumanne tarehe 9 Julai 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba na siku ishirini na tano. Ndaziona alikuwa naye. Aliomba maji, akanywa kidogo. Akasema, "Nigeuze." Akageuzwa kuelekea ukutani. Ndaziona alisubiri neno. Alikuwa ameinama karibu, amezuia pumzi yake ili asilikose. Angeridhika hata na jina lake tu. Hakusema kitu. Baadhi ya waombolezaji wamekuwa wakisimulia tangu juzi kwamba alilala akitabasamu. Ndaziona, aliyemfumba macho, anaomba msamaha kwao: hapakuwa na tabasamu. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka sana.

Ameacha watoto wanne: Falesi, mchuma chai, ambaye mgongo wake wenyewe umeanza kumsumbua na leo amesimama kwa shida pale nyuma; Ndaziona; Bizweki, aliyeko Johannesburg, ambaye hakupata ruhusa ya kusafiri; na Tamandani. Ameacha dada mmoja, Dorika, wapwa tisa, wajukuu kumi na wanane na vitukuu watatu. Ametanguliwa na mkewe Enelesi, watoto wake Sakonda, Mateyu na Loveness, na rafiki yake Dyson Mulaka.

Bwana ampokee mzee wetu Bauleni Nankhoma, na ampe pumziko mahali ambapo hatatakiwa kumtia moyo mtu yeyote.